Ziba na Zibua, Shikana na Achana

"Jeti imeziba, boya limekwama, klachi inateleza." Mwenye pikipiki akiambiwa hivyo na fundi huwaza mfuko wake. Sisi wapenda maneno tuitazame kwanza sarufi. Majina yote matatu ni wageni: jeti na klachi yametoka kwa Mwingereza, boya kwa Mreno. Vitenzi vyote vitatu ni wenyeji: kuziba, kukwama, kuteleza. Wapo mafundi wasemao "imebloki" na "inaslipu", lakini hao hao wakimweleza mteja asiyejua injini hurudi kwenye kuziba na kuteleza bila kuombwa.

Tangu kamati ya kusanifisha Kiswahili ilipoundwa mwaka 1930, na BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, mwaka 1967, nguvu nyingi za waunda istilahi zimekwenda kwenye majina. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini jina la kipuri husafiri ndani ya boksi pamoja na kipuri chenyewe. Likifika dukani limeshazoeleka, na mwenye duka hana sababu ya kuhangaika na jina tamu ulilomletea wewe. Ugonjwa wa mashine hauji na boksi. Unazaliwa hapa, kwenye vumbi letu na petroli yetu, na umekuwa ukitajwa kwa maneno yetu tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo majina ya vipuri yaliyokwisha kukaa tuyaache yakae, na ubunifu wetu tuuhamishie kwenye kutaja maradhi na tiba.

Kielelezo changu ni pikipiki kuukuu: Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, yenye silinda moja, kabureta moja na klachi inayoogelea ndani ya oili, pamoja na ndugu zake wengi waliotengenezwa China kwa kuiga injini hiyo. Mashine yenyewe ni sahili. Msamiati wake una vichochoro.

Tuanze na jina la chombo. Pikipiki ni tanakali ya sauti iliyovaa koti la nomino. Wazee wengine waliiita tukutuku, na mashariki mwa Kongo jina hilo lingali mitaani. Ukilisikiliza, tukutuku linaifaa zaidi injini ya silinda moja inayonguruma polepole, tena lina ujirani mzuri na mtukutu, yule mtoto asiyekaa mahali pamoja. Pikipiki ni sauti ya injini ndogo yenye haraka. Nairobi watakwambia nduthi. Bodaboda ni jambo jingine kabisa: lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, abiria walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli, nalo ni jina la kazi. Pikipiki ya bwana shamba haiwi bodaboda kwa sababu tu ina magurudumu mawili, na mwandishi anayeandika "bodaboda ya polisi" amechanganya chombo na biashara.

Mafuta ni neno la ukoo mkubwa. Mkikuyu ana maguta, Mzulu ana amafutha, nasi tuna letu. Asili yake ni shahamu na kila kinachokamuliwa kikateleza kidoleni. Mashine zilipokuja tukalitwisha mzigo wote: petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, cha kukaangia ni mafuta, cha kujipaka ni mafuta, na kuna mafuta ya taa. Leo ukimtuma mtoto akakununulie mafuta, lazima kwanza akutazame mkononi aone umeshika sufuria, chanuo au ufunguo wa pikipiki. Gereji wamejitatulia tatizo hilo bila kuitisha kikao: kinachoungua ni mafuta, kinacholainisha ni oili. Ukopaji wa namna hiyo umelipa, na mtu anayetaka tuitupe oili turudi kwenye "mafuta ya kulainishia mitambo" atuambie atalitamkaje hilo lote huku akiwa amelala chini ya injini.

Petroli iliyokaa tangini miezi mingi hupoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka haraka, na nguvu yake hupungua. Tuiiteje? Nimesoma "petroli mbovu", "petroli iliyoharibika", na hata "petroli iliyoisha muda wake", kana kwamba ni dawa ya kikohozi. Jikoni tuna maneno makini zaidi. Mchuzi wa nazi huchacha, lakini kuchacha kunadai uchachu na povu, navyo petroli haina. Nyama huoza, ila kuoza kunadai uvundo na funza. Ugali wa jana umelala. Kitu kilicholala kina kasoro ya kukaa, ladha na nguvu vimepungua, lakini mwenye shida bado anaweza kukitumia. Hiyo ndiyo hali ya petroli ya miezi mitatu. Petroli iliyolala, basi. Na mtu akiuliza kwa nini pikipiki haiwaki asubuhi, jibu "mafuta yamelala" linaeleweka mpaka kwa bibi asiyewahi kugusa spana.

Petroli hiyo ikizidi kukaa huacha utando wa kunata ndani ya kabureta. Mafundi huuita gundi, neno tulilolipata kwa Wahindi. Sina ugomvi nalo, ila gundi ni kitu tunachokinunua na kukipaka kwa makusudi. Kile cha kwenye kabureta hakijaalikwa. Tunalo neno ulimbo, utomvu wa mti unaopakwa kwenye kijiti ili ndege akitua anase. Ulimbo una kunata, una rangi ya kahawia, na una uadui ndani yake. Ulimbo wa petroli: napendekeza liingie kwenye vitabu vya ufundi. Faida yake nyingine ni kwamba linakuja na kitenzi chake. Ulimbo hunasa, na fundi hunasua.

Hapo tumegusa mlango wa ghala. Sarufi inaiita kauli ya kutendua, na mwanafunzi wa sekondari huikariri kwa ajili ya mtihani bila kuambiwa kwamba ni sarufi ya gereji. Ziba, zibua. Kwama, kwamua. Nasa, nasua. Ganda, gandua. Funga, fungua. Pachika, pachua. Chomeka, chomoa. Bandika, bandua. Herufi chache mwishoni mwa kitenzi zinageuza ugonjwa kuwa tiba. Fundi wa Kiswahili akishataja kosa, ametaja nusu ya dawa. Kwa hiyo naumia kidogo ninaposikia "kuklini kabureta". Kabureta husafishwa kwa nje, ukiondoa vumbi na grisi. Jeti iliyoziba huzibuliwa. Kazi hizi mbili zina bei tofauti, na mteja anayejua kitenzi kimoja tu atalipia ya pili akafanyiwa ya kwanza.

Kitenzi kingine chenye mwisho wa -ua ni kuchakachua, kilichovuma Tanzania mwaka 2010 kikiwa na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha kikahamia kwenye kura kwa kuwa mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Nacho ni mali yetu wenyewe. Sikio linasikia chakacha, ule mchakacho wa kitu kinachokorogwa, halafu -ua inakiharibia usafi wake. Kughushi kulikuwepo, lakini kughushi ni kwa hati na sahihi. Kuchanganya hakuna hatia: hata juisi huchanganywa. Kuchakachua kumebeba uchanganyaji, udanganyifu na faida haramu katika silabi tano. Hapakuwa na mkutano wala azimio.

Mamlaka iliyopewa kazi ya kupambana na uchakachuaji, EWURA, ilianza kutia alama ya kikemikali kwenye mafuta mwaka huo huo wa 2010, na alama hiyo ikaitwa vinasaba. Hili ndilo jina linalonifurahisha kuliko yote katika habari za petroli. Nasaba ni ukoo, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Vinasaba katika somo la biolojia ni vile vibeba urithi. Kuvihamishia kwenye tangi la petroli ni kusema kwamba mafuta nayo yana ukoo, na kwamba yaliyochakachuliwa hayana baba wa kumtaja. Mtaalamu wa kemia atalalamika kwamba hakuna urithi wowote humo. Aachwe alalamike. Mwaka uliofuata Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe rahisi tena kuyachanganya, na Kenya ikaweka tozo ya namna hiyo mwaka 2018, lakini hatua hizo hazikuleta jina la kukumbukwa.

Koki ya chini ya tangi ina hali tatu: imefungwa, imefunguliwa, na ile ya tatu ambayo madereva huiita rizevu. Kwa nini? Akiba imekaa pale pale inasubiri, fupi, nyepesi, na kila mtu anaijua. "Geuzia akiba" haina silabi hata moja zaidi ya "weka kwenye rizevu". Nadhani tatizo ni methali. Tumeambiwa akiba haiozi, na dereva anayejua petroli anajua kwamba hii ya kwake inalala, tena chini ya tangi ndiko kutu na maji hukusanyika. Methali haikuwaza kuhusu koki. Akiba hata hivyo.

Kabureta sasa. Kamati fulani ya kufikirika ingetuletea kichanganyishi, kwa kuwa kifaa hicho huchanganya petroli na hewa, nami ningekubali kwamba kichanganyishi kinaeleza kazi vizuri kuliko neno la asili, ambalo kwa Wazungu linahusu kaboni tu na halisemi lolote la kuchanganya. Lakini kabureta imeshakuwa ya kwetu. Ina irabu baada ya kila konsonanti, na mtoto wa fundi huitamka kabla hajajua kuandika jina lake. Hili naliacha, ingawa kwa herufi moja naomba tuwe na umoja: kabureta, si kabreta. Lugha yetu haina njaa ya konsonanti pachapacha.

Ndani ya bakuli la kabureta kuna kidude kinachoelea. Petroli ikipanda nacho hupanda, kikasukuma sindano, sindano ikaziba njia. Wengine husema floti, lakini wengi husema boya, na hapo nashangilia. Boya ni neno la bahari, lililoachwa na Wareno kwenye pwani yetu, na sasa limepanda bara likaingia kwenye injini ya pikipiki ya Singida. Linaye mpinzani wa heshima: chelezo, kutoka kuelea, neno la wavuvi kwa kitu chochote kinachoelea au kinachosaidia kuelea. Kwa asili na kwa maana chelezo lingestahili ushindi. Boya la baharini limefungwa nanga, linaonyesha mahali. Chelezo huelea tu, kama kile cha ndani ya bakuli. Nimeyapima yote mawili na ninampa boya kiti kwa sababu moja tu, kwamba limeshakikalia. Vijana wamelifanya pia tusi kwa mtu mjinga, anayekwenda anakopelekwa na maji. Kwa kabureta hiyo ni sifa.

Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu lililopimwa. Sindano ya kabureta hupita katikati ya tundu la aina hiyo, ikipanda mafuta huongezeka, ikishuka hupungua. Angalia mchezo wa maneno uliojificha: kwa mshonaji tundu liko ndani ya sindano, kwa fundi wetu sindano iko ndani ya tundu. Kwa hiyo "tundu" tayari lina nyumba ya kufikia. Napendekeza tundu kuu kwa jeti kubwa, inayofanya kazi mkono ukiwa umevuta mafuta kikamilifu. Jeti ndogo ndiyo yenye mkosi. Kiingereza kinaiita kwa neno linalomaanisha pia rubani, na sitashangaa siku moja kukuta kwenye kijitabu cha maelekezo, kilichotafsiriwa na mashine, "ndege ya rubani imeziba". Kumpa jeti hiyo jina kunahitaji kwanza tupate jina la hali inayoihudumia, na hapo ndipo gereji zetu zimejikwaa.

Injini inapowaka bila kuvutwa mafuta, ikipumua tu, kwenye gereji nyingi za Tanzania utasikia ikiitwa sailensi. "Sailensi imepanda." "Haikai sailensi." Hapo hapo bomba la moshi lenye kuzuia kelele huitwa sailensa. Maneno mawili, tofauti ya irabu moja, na moja kati yake linaita "ukimya" kitu kinachotoa sauti. Mteja anayeambiwa kwa simu kwamba sailensi ina tatizo anaweza kwenda kununua bomba. Kitenzi kizuri tunacho na mafundi wenyewe wanakitumia: injini inatulia au haitulii. Tukitoe humo jina: mtulio. "Mtulio umepanda, uteremshe kidogo." "Pikipiki haina mtulio." Na ile jeti ndogo, ambayo ndiyo inayolisha injini wakati huo, iwe tundu la mtulio. Rubani arudi angani.

Choki ni kipande kinachopunguza hewa ili mchanganyiko uwe na mafuta mengi injini ikiwa baridi. Kwa Kiingereza ni kukaba koo. Sisi tunao kukaba, na tunao ukabaji wa mitaani wa kuogopesha kabisa, lakini kaba yenyewe imeshachukuliwa na washona kanzu kwa ile sehemu ya shingoni. Tukifuata njia ya chuja na chujio, tunapata kabio. "Vuta kabio, piga kiki, ikishapata joto rudisha." Limekaa vizuri mdomoni. Na tukiwa tumetaja chujio, lirudishiwe kazi yake. Filta haisemi lolote ambalo chujio halisemi, na "chujio la hewa" linaua kwa pigo moja lile jinamizi la gereji linalotamkwa "eaklina".

Kuhusu kuvuja tumebarikiwa, na tunautupa utajiri. Kila pikipiki yenye unyevu chini ya kabureta "inavujisha mafuta". Haya, inavujisha kiasi gani? Gasketi iliyochoka hutokwa jasho: uso wa chuma unang'aa kwa mafuta lakini hakuna tone. Mpira wa mafuta uliopasuka hutona, tone baada ya tone, unaweza kuhesabu. Koki iliyolegea huchuruzika. Boya likikwama chini, petroli haizuiwi tena, bakuli hufurika, na mafuta humwagika kwenye njia ya ziada. Fundi mwenye sikio akiambiwa kwa simu kitenzi sahihi anajua abebe nini: gasketi, mpira, spana, au uvumilivu. Na petroli ikifurika hadi ndani ya silinda, plagi hulowa. "Plagi imelowa" ni sentensi kamili, sijaona lugha inayohitaji zaidi ya hapo.

Klachi ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mwanafunzi wa pikipiki huambiwa: shika klachi, ingiza gia, achia klachi taratibu. Sasa tazama kinachotokea ndani ya injini. Mkono unaposhika, sahani zinaachana, na injini inazunguka peke yake. Mkono unapoachia, sahani zinashikana, na nguvu inakwenda kwenye gurudumu. Amri moja inazaa matendo mawili yanayopingana, moja nje na moja ndani, kwa wakati ule ule. Fundi akisema "klachi haishiki" anazungumzia sahani. Mwalimu akisema "hukushika klachi" anazungumzia vidole. Vijana wengi wanaoanza hupigwa butwaa hapa, na kosa si lao.

Ndiyo maana kila jaribio la kutafsiri klachi limenishinda, na nadhani litamshinda yeyote. Kishikizo? Hicho ni kifungo cha shati, na hata kingekuwa huru, "shika kishikizo" ingemaanisha "achanisha sahani". Kiachanishi? "Achia kiachanishi" ingemaanisha "shikanisha". Mshiko ni pesa. Mshikamano ni siasa. Kiunganishi kimekaliwa na walimu wa sarufi. Kiingereza chenyewe kimetaja nusu tu ya kazi, ile ya kung'ang'ania. Kifaransa kina jina la kushikana na jina jingine la kuachana, na mafundi wa Kongo wakachukua lile la kwanza, ambreyaje, likatumika kwa yote mawili. Klachi, kwa kuwa haina maana yoyote kwa Kiswahili, haimpotezi mtu. Iachwe ilivyo.

Vitenzi vyake lakini tuvitenganishe kwa ukali. Nje, mkono hushika na kuachia. Ndani, sahani hushikana na kuachana. Kauli ya kutendana imalize utata wote. Kabureta inatengenezwa kwa kutendua, klachi inatengenezwa kwa kutendana: sahani zinashikana, zinaachana, zinasuguana, zimegandana. Fundi akisema "haziachani" hakuna atakayedhani anazungumzia vidole. Najua kuachana kuna harufu ya talaka. Mafundi hawatapoteza nafasi hiyo ya utani, nao utani ndio unaolifanya neno likae.

Sasa maradhi. La kwanza ni lile la kuteleza: unavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Jina liwe mtelezo, tukiuachia utelezi kazi yake ya kuelezea barabara ya tope. Lakini angalia jinsi hukumu inavyoingizwa kabla ya uchunguzi. Fundi mmoja husema "klachi inateleza", mwingine "klachi imekwisha", na wa tatu "klachi imeungua". La kwanza ni dalili. La pili ni cheti cha kifo. Mtelezo unaweza kuletwa na springi zilizochoka, na waya uliokazwa mno, au na oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, ambayo haifai pale sahani zinapoogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Hayo yote hayahitaji sahani mpya. Ukimruhusu fundi aanze na "imekwisha", umeshanunua. Mlinzi wa lugha amwombe kwa adabu aanze na "inateleza".

La pili ni kinyume chake. Umeshika mkono wote, na bado pikipiki inatambaa mbele taratibu, gia inakwaruza, ukisimama kwenye taa inazima. Huku hakuna jina lililokaa. Husemwa "klachi haiachii", na nimesikia "klachi nzito", ambayo ni kosa jingine kabisa la waya mkavu. Kiswahili kina kitenzi ambacho hata umbo la mdomo linakifanya kionekane: kung'ang'ania. Sahani zimeambiwa ziachane, zinang'ang'aniana. Hatua ya mbele zaidi ni pikipiki iliyokaa mvua nzima bila kuwashwa, sahani zikagandana zikawa kitu kimoja. Hizo huganduliwa, au mwenye haraka huzibandua kwa kuisukuma pikipiki ikiwa kwenye gia. Kung'ang'aniana, kisha kugandana: ngazi mbili za ugonjwa mmoja.

Waya wa klachi una mwili wa ndani na vazi la nje. Waingereza huuita kwa jina la Ernest Bowden, aliyepata hataza yake mwaka 1896. Sisi husema waya au kebo, na vazi lake ni "kava". Kisu kina ala. Waya nao uwe na ala. "Ala imepasuka, maji yanaingia" inaeleweka bila mafunzo. Nyuzi za ndani zinapoanza kuachiana moja moja karibu na kichwa cha risasi, husemwa waya "unakatika", wakati bado haujakatika. Umefumuka. Fuma, fumua, fumuka: kauli ya kutendua imerudi tena, safari hii kama onyo. Waya uliofumuka unakupa siku chache za kufika dukani. Uliokatika umekuacha njiani.

Wenzo ni neno la fizikia, zuri kwenye ubao. Leva ni la dukani. Mkono wa klachi ndilo ninalolipenda, kwa kuwa mkono unashika mkono. Kwenye ncha yake lazima kubaki nafasi ya milimita 10 hadi 20 ya kusogea kabla waya haujaanza kuvuta. Mafundi huiita plei, wengine ulegevu. Ulegevu ni kasoro, na nafasi hii ni ya makusudi. Jino linalotaka kung'oka linacheza, jembe linacheza kwenye mpini, beringi iliyolika inacheza. Mchezo tunao tangu zamani, hatuhitaji kuazima. "Upe mchezo kidogo" ni agizo kamili la kurekebisha waya, nalo ndilo ambalo lingeokoa sahani nyingi zilizoitwa "zimekwisha".

Limebaki moja, nalo naliweka mezani bila kuwa na hakika nalo. Mkono ukiachiwa polepole kuna mahali sahani zinapoanza kugusana, injini inashuka sauti, pikipiki inataka kuondoka lakini haijaondoka. Shule za udereva husema "balansi klachi", wengine "hafu klachi". Balansi ni uwiano, na hapo hakuna uwiano wowote, kuna mvutano. Hafu inapima mkono, wakati mahali penyewe huhama kadiri sahani zinavyolika. Nimejaribu mgusano, kutoka kugusana: "Tafuta mgusano, ukiupata ongeza mafuta." Kwenye kilima unausikia vizuri zaidi. Linalonikwaza ni kwamba sahani katika hali hiyo zinafanya zaidi ya kugusana, zinaanza kubishana. Mbishano? Dereva wa bodaboda niliyemwuliza alisema yeye husema tu "inapoanza kuuma", na kuuma, nakiri, kuna meno kuliko yote mawili.